Uzi ukikatika katikati ya onyesho: Mfuko wa akiba wa mwanamuziki, kutoka Nakivale hadi Mbarara

Bendi inaweza kufanya mazoezi mwezi mzima, ikashona sare na kufika ukumbini mapema, kisha usiku wake ukaharibiwa na fyuzi yenye urefu wa sentimita mbili. Kwa wanamuziki wanaoishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kitu kidogo kama hicho kina uzito wa pekee. Vipuri vingi vya ala za muziki hutafutwa mjini Mbarara, takriban kilomita 60 kutoka makazini, ilhali kazi nyingi za muziki hufanyika usiku wa Jumamosi na asubuhi ya Jumapili, saa ambazo maduka mengi yamefungwa.

Makala haya yanaeleza vitu ambavyo mwanamuziki anayetoka kwenda kutumbuiza anapaswa kuwa navyo katika mfuko wa akiba, sababu za kuvibeba, na namna ya kuupanga mfuko huo kwa mtu mwenye kipato kidogo.

Kwa nini ni suala la riziki

Nakivale imekuwa ikiwapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipowasili Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya wakati huo. Leo ni makao ya zaidi ya watu laki moja kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Wakongo ndio kundi kubwa zaidi. Pamoja nao umekuja muziki wao: kwaya za makanisa, magitaa ya rumba, vinanda vya harusi na ngoma za asili.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na uhuru wa kutembea nchini. Ndiyo maana mpiga gitaa wa Base Camp, Juru au Rubondo anaweza kualikwa kupiga muziki katika hoteli au harusi mjini Mbarara na kurudi nyumbani na ujira wake. Umuhimu wa ujira huo umeongezeka. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa msaada nchini Uganda kwa kuzingatia makundi ya uhitaji, na familia nyingi zikalazimika kutegemea zaidi kile zinachochuma zenyewe.

Makubaliano ya kazi hizi mara nyingi ni ya mdomo: sehemu ya malipo hutolewa kabla, iliyobaki hutolewa baada ya shughuli. Muziki ukinyamaza kwa nusu saa wakati maharusi wanaingia, mwenye shughuli hataki kusikia habari za waya uliokatika. Hupunguza malipo, au hulipa yote lakini harudi tena. Kwa bendi isiyo na matangazo wala ofisi, sifa inayopita mdomo kwa mdomo ndiyo mtaji wake, nayo huponyoka kwa usiku mmoja.

Kanuni ya kwanza: tafuta mahali ambapo kimoja kikifa, vyote vinanyamaza

Kosa la wengi ni kununua akiba ya kile wanachokipenda badala ya kile wanachokitegemea. Njia bora ni kuufuata mlio tangu unapoanzia hadi unapomfikia msikilizaji: uzi wa gitaa, waya wa gitaa, pedali, amplifaya, kipaza sauti, miksa, spika, na mwisho soketi ya ukutani. Katika kila hatua, uliza: hiki kikifa, nini kinanyamaza? Spika moja kati ya mbili ikifa, onyesho litaendelea. Waya wa umeme wa miksa ukifa, ukumbi wote unanyamaza. Kwa hiyo waya wa umeme wa miksa, ambao ni rahisi na mwepisi, unatangulia spika ya pili katika orodha ya akiba.

Nyuzi

Katika muziki wa Kongo, kazi ngumu kuliko zote huangukia magitaa, hasa wimbo unapoingia kwenye sebene na mpiga solo akarudia mchoro uleule kwa dakika kadhaa. Uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko yote, ndio hukatika mara nyingi zaidi, ukifuatiwa na wa pili. Kwa hiyo pamoja na seti moja kamili, ni busara kubeba nyuzi mbili za kwanza na mbili za pili. Unene uwe uleule unaotumika kwenye gitaa. Katika magitaa mengi ya umeme uzi wa kwanza huwa wa 9 au 10, yaani sehemu tisa au kumi za elfu za inchi. Uzi wa unene mwingine utabadilisha mvutano wa shingo na gitaa halitakaa katika sauti.

Nyuzi za gitaa la besi ni nene na hukatika mara chache, tena bei yake ni kubwa. Mpiga besi anapobadilisha nyuzi, asizitupe za zamani. Azifute, azikunje na kuzitunza: uzi mkuukuu wenye mlio hafifu ni bora kuliko nafasi tupu.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, uzi mpya hulegea kwa dakika nyingi baada ya kufungwa. Uvute taratibu kwa vidole na kuurekebisha mara kadhaa kabla ya kuuamini. Pili, uzi ukikatika kila mara mahali palepale, kasoro iko kwenye gitaa: kuna ncha kali kwenye daraja au kwenye kigingi, na msasa laini utaiondoa. Tatu, gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisifungwe nyuzi za chuma. Mvutano wa chuma ni mkubwa zaidi na unaweza kupinda shingo au kung'oa daraja.

Wenye magitaa ambayo daraja lake huelea juu ya springi wana tatizo la ziada. Uzi mmoja ukikatika, springi huvuta na nyuzi zote zilizobaki hutoka katika sauti. Kipande kidogo cha mbao kilichochongwa na kupachikwa nyuma ya daraja hulizuia lisiende popote, na onyesho likaendelea kwa nyuzi tano.

Nyaya na vipaza sauti

Fundi yeyote wa sauti atasema kwamba kinachoharibika mara nyingi kuliko vyote ni waya, na hasa pale unapoungana na kichwa chake. Unakanyagwa, unavutwa, unakunjwa vibaya, kisha siku ya shughuli unakoroma. Beba angalau waya mmoja wa akiba wa gitaa, mmoja wa kipaza sauti wenye kichwa cha pini tatu, na mmoja wa kuunganisha simu au kompyuta kwenye miksa.

Waya wa gitaa na waya wa spika vinaweza kuwa na vichwa vinavyofanana kabisa, lakini ndani havifanani. Waya wa gitaa una uzi mwembamba uliozungushiwa wavu wa kuzuia mikoromo. Waya wa spika una nyuzi mbili nene za kupitisha nguvu nyingi. Ukitumia waya wa gitaa kupeleka nguvu kwenye spika, unaweza kupata moto na kuua amplifaya. Ukitumia waya wa spika kwenye gitaa, utapata mngurumo usiokoma. Zifunge alama tofauti za rangi.

Waya uliogundulika kuwa mbovu katikati ya onyesho ufungwe fundo palepale. Bila alama hiyo utarudi kwenye mfuko pamoja na wazima, na wiki ijayo utachukuliwa tena kama akiba.

Umeme: hapa ndipo pa kuwa makini zaidi

Uganda hutumia umeme wa volti 240 na plagi ya pini tatu bapa, yenye fyuzi yake ndogo ndani. Vifaa vingi vilivyonunuliwa Kongo vina plagi ya pini mbili za mviringo. Umeme wa Kongo ni wa volti 220, kwa hiyo kifaa chenyewe kwa kawaida hakina tatizo. Kinachohitajika ni adapta imara ya plagi. Kuchomeka pini za mviringo kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la tatu la soketi ni hatari, na hakuachi mguso imara: kinanda kitazimika kila mtu anapopita karibu.

Jambo tofauti kabisa ni vifaa vinavyotumwa na ndugu waliohamishiwa Marekani au Kanada. Huko umeme ni wa volti 120. Kabla ya kuchomeka kinanda, amplifaya au miksa iliyotoka huko, soma kibandiko cha nyuma au cha adapta. Kikisema 100–240, kitafanya kazi popote kwa kubadilisha plagi tu. Kikisema 120 peke yake, kitaungua mara tu kikichomekwa kwenye soketi ya Uganda, isipokuwa kipitie transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi mahitaji ya kifaa. Adapta ya plagi haibadilishi volti.

Fyuzi zibebwe za kila kifaa, mbili mbili. Ukubwa wake umeandikwa kwenye kifaa karibu na mahali inapokaa, kwa mfano T2A: herufi T humaanisha fyuzi inayovumilia mshtuko mfupi wa kuwasha, F ni ile inayokatika haraka, na namba ni kiasi cha ampea. Badilisha kwa ya aina ileile. Kufunga karatasi ya sigara au uzi wa shaba badala ya fyuzi ni kuondoa mlinzi mlangoni: kifaa kitawaka, lakini hitilafu ikitokea kinachoungua si fyuzi tena bali transfoma, au jengo. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, usitie ya tatu. Tatizo liko ndani na linahitaji fundi.

Usikate wala kuacha waya wa ardhi ili kuondoa mngurumo. Mei 1972, mpiga gitaa wa Uskoti Les Harvey alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa kipaza sauti ambacho hakikuwa kimeunganishwa na ardhi. Hatari hiyo ipo popote ambapo mtu hushika nyuzi za chuma huku midomo ikigusa kipaza sauti. Ukihisi mtetemo mdogo wa umeme mdomoni, acha kupiga na ukague. Hakikisha amplifaya na miksa vinapata umeme kutoka chanzo kimoja, si kimoja kwenye jenereta na kingine kwenye jengo la jirani. Kipimo kidogo cha umeme, kile chenye waya mwekundu na mweusi, ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu vinavyolipa gharama yake mapema.

Shughuli nyingi makazini huendeshwa kwa jenereta au sola. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe miksa, na mwisho amplifaya. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Ekstensheni yenye kinga dhidi ya umeme kupanda ghafla, au stabilaiza kwa wanaoweza kuimudu, iwe mali ya bendi na si ya ukumbi. Inveta za bei ya chini za sola nazo huweza kutia mngurumo kwenye magitaa. Ujaribu mfumo kabla ya wageni kufika.

Betri, adapta na muziki ulio kwenye flashi

Gitaa lenye kikuza sauti cha ndani, pedali, na kipaza sauti kisicho na waya vyote hutegemea betri. Beba betri mpya za kila aina inayotumika, na usizichanganye na zilizotumika. Betri ya volti 9 isizunguke mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwa kuwa vichwa vyake viko upande mmoja na chuma kinaweza kuviunganisha ikapata moto. Bandika kipande cha tepu juu yake.

Adapta za vinanda na pedali huleta mkanganyiko kwa sababu vichwa vyake huingiliana. Pedali nyingi za gitaa hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya kichwa, ilhali vinanda vingi huweka chanya katikati. Mchoro mdogo wa duara kwenye kibandiko ndio unaoonyesha. Adapta ya akiba ilingane na ya awali katika volti na katika upande wa chanya na hasi, na ampea zake zisipungue.

Kwa waimbaji wanaotumia muziki uliorekodiwa, nakala ziwe mbili mahali pawili: kwenye flashi na kwenye simu ya mtu mwingine, si simu ileile itakayopigiwa katikati ya wimbo. Simu inayopiga muziki iwekwe katika hali ya ndegeni. Mpiga kinanda aandike pia kwenye karatasi namba za sauti na midundo anayoitumia, kwa sababu kinanda kikiharibika na kikapatikana cha kuazima, kumbukumbu zake hazitakuwamo.

Dramu na zana

Mpiga dramu abebe jozi mbili za vijiti, ufunguo wa dramu, nati na vikalio vya matoazi, pamoja na uzi imara wa kufungia nyaya za chini ya dramu ndogo. Vitu hivi havizidi uzito wa sahani ya chakula, lakini nati moja ikipotea toazi haliwezi kusimama.

Zana za bendi nzima ni chache: bisibisi ya ncha bapa na ya nyota, koleo la kukatia nyuzi, tochi ya kuvaa kichwani, tepu ya umeme, tepu ya kitambaa ya kubandika nyaya sakafuni ili watu wasijikwae, kamba za plastiki za kufungia, na kitambaa kikavu. Pasi ya kulehemu na risasi yake ni vyema ziwepo kwa bendi yenye mtu anayejua kuzitumia. Waya uliokatika kichwani hurudi kazini kwa dakika 10.

Vumbi, mvua na boda boda

Isingiro ni nchi ya ukame, na barabara ya vumbi inayotoka makazini hutimka kuanzia Juni hadi Agosti. Vumbi huingia katika matundu ya nyaya na vitufe vya miksa, kisha vikaanza kukoroma. Msimu wa mvua nao huleta kutu. Mfuko wa akiba unafaa kuwa ndani ya kopo au sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani yake viwekwe vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya. Kwenye boda boda, sanduku libebwe na mwanamuziki mwenyewe na si kufungwa nyuma ya kiti.

Dukani Mbarara: beba kielelezo

Lugha ni kikwazo ambacho orodha nyingi hukisahau. Mkongo husema bafle, mwenye duka wa Mbarara husema spika. Mmoja huita mikro, mwingine maiki. Kati ya Kifaransa, Kiswahili, Kinyankole na Kiganda, ni rahisi kurudi nyumbani na kitu kisicho sahihi baada ya kulipa nauli. Dawa ni kubeba kifaa chenyewe kilichoharibika: fyuzi iliyoungua, kichwa cha waya, uzi uliokatika. Pasipowezekana, piga picha ya kibandiko na namba zake. Mkimbizi anayesafiri asisahau kitambulisho chake.

Kuununua mfuko kidogo kidogo

Hakuna anayelazimika kununua vyote kwa siku moja. Awamu ya kwanza ni vitu vidogo vinavyozuia kimya: nyuzi za kwanza na za pili, fyuzi, betri, tepu, bisibisi. Ya pili ni nyaya na adapta za plagi. Ya tatu ni kipaza sauti cha ziada, kipimo cha umeme na ekstensheni yenye kinga. Bendi inaweza kutenga kiasi kidogo kutoka katika kila malipo kabla ya kugawana, kama vikundi vya kuweka akiba vinavyofanya. Kwaya mbili au tatu za eneo moja zinaweza pia kumiliki sanduku moja kwa pamoja, mradi awepo mtu mmoja anayewajibika na daftari la kuandika nani alichukua nini.

Wanamuziki wa Kinshasa wamewahi kufika mbali zaidi katika sanaa hii ya kutokukwama. Orkestra ya Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilijulikana duniani pia kwa sababu wanachama wake waliwahi kutumia nyaya za breki za baiskeli badala ya nyuzi za fidla. Kundi la Konono N°1 lilitengeneza vipaza sauti vya likembe kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Ubunifu huo unastahili heshima. Lakini ulifanyika karakanani na mazoezini, kukiwa na muda wa kujaribu na kukosea. Mbele ya wageni 300 wanaosubiri maharusi, kinachookoa kazi ni uzi ulio tayari mfukoni.

Kwa ufupi

Kabla ya kuondoka: kagua kila waya kwa kuutikisa, pima betri, hakikisha fyuzi mbili za kila kifaa zipo.

Ukumbini: fika mapema, uliza umeme unatoka wapi, jaribu vifaa vyote kwa pamoja, weka sanduku karibu na jukwaa na si ndani ya gari.

Onyesho likisimama: mmoja atafute tatizo, mwingine azungumze na watu au aanzishe wimbo wa makofi na sauti. Watu huvumilia hitilafu, lakini si kimya kisicho na maelezo.

Kesho yake: andika kilichotumika na ukirudishe kabla ya kazi inayofuata. Akiba isiyorudishwa hukosekana siku inapohitajika.